Ubeti Nilioutuza Bila Kuujua

Adelphi, Maryland

Mama yangu,

Shikamoo sana. Natumai barua hii inakukuta umekaa, si umesimama jikoni, na kwamba ule mguu umekubali kusikia dawa. Rukia alinieleza kwenye simu kuwa umeanza tena kwenda harusini kwa miguu kama msichana. Nilifurahi, kisha nikakasirika, maana daktari alisema upumzike. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo yenye homa.

Nampa barua mama mmoja wa ubalozini anayekuja likizo Dar, naye ataifikisha kwa mjomba. Isome mwenyewe kwa miwani yako. Usimpe Rukia akusomee, na usiifungue mbele ya Mama Chausiku, la sivyo kabla hujafika mwisho Ngamiani nzima itakuwa imeshafika. Kwenye simu nimeshindwa kuyasema. Kadi inakatika pale pale penye neno, na huko kwenu simu moja inasikilizwa na masikio matano.

Khadi unamjua kwa simulizi zangu. Ni yule Msenegali mwenye saluni hapa Hyattsville, aliyenipokea baada ya ile familia niliyokuja nayo kurudi Dar na kuniacha nikitafuta pa kushika. Tulikutana msikitini, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, nami nikamjibu kwa changu, kama najua kusuka. Nikamwambia kwetu hakuna mwanamke asiyejua kusuka. Uwongo mtupu, na wewe unavijua vichwa nilivyoviharibu. Alinipa kiti cha tatu, karibu na dirisha, akanifundisha kusokota kwa mtindo wao mpaka vidole vikaota sugu. Hata siku mteja aliponirudia rasta zimefunguka kabla hajafika kwenye gari, Khadi hakunisimanga. Alizisuka upya mwenyewe akicheka.

Kiti cha pili ni cha Astu, naye Msenegali, na ndiye ninayekaa naye hapa Adelphi katika vyumba viwili. Baridi ile ya kwanza nilipougua kifua, Astu ndiye aliyenipikia uji wa mtama, akanifunika koti lake, yeye akaenda kazini na sweta. Nimemwita dada tangu siku hiyo. Likumbuke hilo unapoendelea kusoma, maana huko mbele nitamsema.

Khadi ana mume, Modu, dereva wa teksi. Anashinda Arlington akibeba watu wa maofisini, na baridi ikizidi alikuwa akipita saluni kutupakia mimi na Astu mpaka mlangoni. Mimi nilikaa nyuma siku zote. Nimelala macho nikijikagua kama kuna siku nilikaa mbele, na haipo.

Sasa nikueleze kitu chao kimoja, nawe ungekipenda kuliko mimi. Wanawake wa kwao wana mashairi wanayoyaita taasu. Si kuimba hasa. Mwanamke anasimama katikati, ngoma inashushwa, anatupa maneno mbiombio kwa mapigo, mstari juu ya mstari, na ngoma inamjibu kama mtu. Anaweza kumsifu mtoto mchanga na ukoo wake wote mpaka bibi zao waliokufa. Anaweza pia kumpasha mtu hadharani bila kumtaja jina. Aliye hodari kwa kazi hiyo hapa ni Binta, mama mtu mzima aliyerithi kazi kwa mama yake. Binti yake mkubwa, anayesoma chuo, amemwekea kinanda na mashine ya midundo pembeni ya ngoma za asili. Mama anatupa ubeti, binti anauchukua ule mwisho wa mstari anaurudisha kwenye kinanda, mashine inaingia, na ukumbi mzima unakuwa dansi. Wazee wao wananung'unika kwamba ni kuharibu. Lakini niliwaona wakinung'unika huku mabega yanacheza.

Mara ya kwanza kumsikia Binta nililia, Mama. Sikuelewa hata neno. Nilisikia Tanga. Nilikuona wewe safu ya mbele, leso mkononi, ukingoja mstari wako.

Basi Khadi alimpata mjukuu, akakodi ukumbi hapa Hyattsville, Jumamosi mchana, kwa sherehe ya kumpa mtoto jina. Sikuwa na nguo ya maana. Astu akafungua sanduku akanitolea gauni lao refu la kitambaa kile kinachong'aa, rangi ya zambarau, jipya kabisa. Nikamuuliza mbona wewe hulivai. Akasema linambana kifuani. Nikalivaa, nikajitazama kwenye kioo, nikajiona bibi harusi.

Ukumbini tulikula, tukacheza, Binta akamsifu mtoto mpaka bibi ya mtoto akavua kilemba akamtuza nacho. Kisha ngoma ikashuka. Binta akaanza ubeti mwingine, taratibu, sauti ya chini, binti yake akiufuata na kinanda kwa vidole viwili tu. Wanawake wote wakatulia. Mimi nikadhani wametulia kwa utamu. Mdundo ulipopanda sikujiweza. Nikainuka peke yangu, nikacheza kutoka mezani mpaka katikati, nikambandika Binta noti kwenye paji la uso, nikamzunguka mara mbili, nikarudi kukaa huku nacheka. Hakuna aliyecheka nami. Binta mwenyewe alipoteza mstari, na sijawahi kumwona akipoteza mstari.

Nikajiambia labda noti ilikuwa ndogo.

Jumanne yake nikaenda kazini, kiti changu hakipo. Khadi alikuwa amekipeleka stoo kwenye maboksi ya nywele. Nikamsalimia, hakuitikia. Nikauliza kiti kiko wapi, akaendelea kuchovya ncha za nywele za mteja kwenye maji ya moto. Nilisimama saa mbili nzima nikiwa na koti mwilini. Mwisho akaniambia, bila kunitazama, "Nilikupa kiti. Ulitaka nini kingine?" Na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani ananiuliza kweli, nikamjibu kwamba sitaki kingine chochote. Akatoka nje akasimama kwenye baridi mpaka nikaondoka.

Mama, mtu akikutukana unajua pa kushika. Kile kimya kilinimaliza. Wiki mbili nilikuwa nabaki ndani nahesabu makosa yangu, nisipate hata moja. Swala nilikuwa naswali nyumbani maana msikitini wanawake wa Kisenegali walikuwa wakisogeza mikeka nikikaa karibu. Nilikuwa na ile siku moja tu ya Jumatatu ya kumtunza bibi kizee wa Kimarekani, na hiyo haimlishi mtu.

Aliyenifumbua macho ni Furaha. Huyu ni Mkongo, mtu wa Uvira, kiti cha nne pale saluni. Anaongea na Khadi Kifaransa, na Kiswahili chake cha kwao kinaelewana na changu kwa kusukumana. Alikuja nyumbani Astu akiwa kazini, akakaa kwenye ukingo wa kochi na mkoba mapajani. Akasema, "Dada Zena, ile wimbo haikukuwa ya kucheza. Khadi njo alimuomba Binta aseme vile. Ilikuwa ya mwanamke mwenye anamuibia bwana. Na weye ukasimama."

Nikamwomba anifasirie maneno yenyewe. Alikuwa ameyapata kwa Kifaransa kutoka kwa Khadi, akanipa kwa Kiswahili cha kwao, nami nakupa kwa cha kwetu:

Nilikukuta na baridi, nikakupa moto uote.
Umeuota moto wangu, sasa wayataka na mafiga.
Wajijua. Mimi nakunyamazia.

Furaha akanieleza kwamba ubeti wa namna hiyo kwa Wasenegali hauguswi. Ukitupwa, kila mwanamke anakaa kimya anatazama mikono yake mpaka ngoma ibadilike. Ajitikisaye amejitaja. Mimi sikujitikisa tu. Nilisimama, nikacheza, nikautuza, nikarudi kukaa nacheka, kama mtu anayesema, ndiyo, ni mimi, utanifanya nini.

Wewe hapo utakuwa umeshashika kichwa. Kwetu anayetuza ndiye anayetupa kijembe, siye aliyepigwa nacho. Na ulinionya nikiwa na miaka kumi na mbili, siku nilipotaka kumtuza mwimbaji kwa sababu tu wenzangu wametuza. Ulinivuta sketi, ukasema ubeti usiojua unakwenda kwa nani usiutolee hata senti. Nikalikumbuka neno hilo kwenye kochi la Adelphi, mbele ya Furaha, nikacheka mpaka akaogopa. Kisha Furaha akaongeza la pili. Lile gauni. Modu alirudi safari moja ya New York na kitambaa cha zambarau, Khadi akakiona kwenye gari, akangoja apewe. Hakupewa. Halafu akakiona mwilini mwangu.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Unaniuliza kwa nini sikumwuliza Astu papo hapo. Niliogopa, Mama. Nikimwuliza nitajibiwa, na nikijibiwa sina tena dada hapa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini wanaosema hawakuambii uivue nguo hiyo ubaki na nini kwenye theluji.

Jumatatu iliyofuata bibi kizee wangu alipelekwa hospitali asubuhi, nikarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Teksi ya Modu ilikuwa imeegeshwa nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka. Saluni hufungwa Jumatatu. Nikakaa kwenye ngazi za jengo la jirani mpaka alipotoka na kuondoka. Nilipoingia Astu alikuwa anakunja shuka. Hakukana. Alikaa chini sakafuni na ile shuka mikononi, akanieleza yote, tangu lini, vipi, kwamba Modu amemwahidi ndoa ya pili ya halali na Khadi ataambiwa muda ukifika. Akasema Khadi akijua sasa, atawapigia simu ndugu zao, na baba yake Astu ni mgonjwa wa moyo.

Nikamwuliza, "Na gauni?"

Akasema, "Ulikuwa huna nguo."

Ni kweli nilikuwa sina nguo. Mpaka leo sijui kama aliniazima kwa wema au aliniweka mbele yake kama pazia. Nimemwuliza kwa macho, kwa mdomo, kwa kunyamaza. Alilia, akanishika magoti, akaniomba nisimseme. Nikamwahidi. Nilimwambia mdomo wangu hautamtaja, na niliapa, maana uji ule wa mtama nilikuwa bado nausikia tumboni.

Hebu fikiria hali yangu baada ya hapo. Jina langu limechafuka kwa kosa la mtu, mtu mwenyewe analala chumba cha pili, na siwezi kusema. Kila asubuhi anaondoka kwenda kwenye kiti chake. Ananiachia chakula kimefunikwa.

Aliyenitafuta ni Binta. Alikuja na binti yake awe mkalimani, maana Kiingereza cha binti ni cha shuleni. Akaniambia usiku ule wa sherehe hakulala, kwa sababu miaka yote aliyofanya kazi hii hajawahi kuona mwenye hatia akija kucheza kwa furaha namna ile. Mwenye hatia hujifunga kanga upya, au huenda chooni. Akaniuliza kwetu kuna nini. Nikamweleza habari za taarabu, za kutuza, za wewe na safu yako ya mbele. Alisikiliza kama mganga. Mwisho akasema neno lililotupwa na ngoma halirudishwi na mdomo mtupu. Wanawake wao wana chama, kama upatu wetu, wanakutana Jumapili moja kila mwezi. Atanipa nafasi. Nitupe ubeti wangu kwa lugha yangu, kwa mtindo wetu, yeye ataugeuza papo hapo kwa lugha yao, binti yake atatupa mdundo.

Niliandika na kufuta wiki nzima. Sauti unajua sina, nilirithi ya baba. Ila maneno nilirithi kwako.

Siku yenyewe walikutana hapa hapa Adelphi, kwenye chumba cha mikutano cha jengo letu. Wanawake kama thelathini kwenye viti vya plastiki, wamezunguka. Khadi alikuwa miongoni mwao, kilemba cheupe, mikono imefungwa kifuani. Furaha alikuja kwa ajili yangu. Astu alikuwa karibu na mlango, na sinia la vikombe vya chai. Binta aliposema jina langu, kulikuwa na mwanamke aliyesonya. Khadi akanyanyuka kuondoka. Binta akamwambia neno moja la kwao, akakaa tena, lakini alikaa upande, kama mtu aliye kwenye basi.

Mashine ilipoanza sikuweza kuingia, ikazunguka mara mbili nimesimama tu. Mara ya tatu binti wa Binta akaizima, akabaki anagonga meza kwa kiganja, taratibu, mdundo ule ule wenu wa Ngamiani niliomfundisha jikoni. Nikaingia:

Mgeni kaja na mvua, kapewa pa kujibanza,
Ubeti asoujua, mbele za watu katuza.
Naapa, Mola ajua, chako sijakichokoza.
Moto nisioukoka, vipi wanichoma miye?

Binta akaugeuza. Kwa mdomo wake ulikuwa mrefu zaidi na mkali zaidi, na mstari wa mwisho aliusema mara tatu, kila mara ngoma ikimjibu. Kisha mashine ikarudi na ngoma pamoja, na mimi nikaurudia tangu mwanzo, sasa nikizunguka kwenye duara kama wafanyavyo waimbaji wetu, nikimtazama kila mwanamke usoni. Niliwapitia mmoja mmoja. Wengine wakatabasamu, wengine wakainamisha kichwa. Nilimtazama Khadi muda mrefu mpaka mikono yake ikashuka kifuani. Nikaenda kwa yule wa kulia kwake, na wa kulia kwa huyo, nikafika mlangoni.

Pale niliruka. Macho yangu yalitoka kwa mwanamke wa kushoto kwa Astu yakaenda kwa mwanamke wa kulia kwake, kama vile pale katikati pana ukuta. Nikamaliza mstari, "vipi wanichoma miye." Mama, watu thelathini walikuwa wameniona nikimtazama kila mtu isipokuwa mmoja. Khadi hakuniangalia mimi tena. Aligeuza shingo, polepole, mpaka mlangoni, na vikombe vya chai kwenye lile sinia vilikuwa vinagongana.

Binta akabadilisha mdundo haraka, akaanza kumsifu mama mwenye zamu ya chama, na wanawake wakainuka wakacheza kwa nguvu kuliko kawaida. Astu aliweka sinia chini, akachukua koti lake, akatoka.

Nilipopanda juu nilimkuta anafunga sanduku. Nikasimama mlangoni.

"Uliniahidi mdomo," akasema.

"Na mdomo nimeutunza."

"Ndiyo," akasema. "Mdomo umeutunza."

Kesho yake alipanda basi kwenda kwa binamu yake, mji mwingine. Modu nasikia amelala kwenye teksi siku kadhaa, kisha Khadi akamfungulia. Huyo atasamehewa, maana wanaume husamehewa. Jumanne kiti changu kilikuwa kimerudishwa, si cha tatu karibu na dirisha, bali cha pili. Khadi alinishika mikono yote miwili mbele ya wateja, akaniita mdogo wake, akaomba radhi kwa lugha zake zote tatu. Wanawake msikitini wananisifu sana. Wanasema, tazameni yule msichana wa Tanzania, alijua na hakumtaja mtu, ana adabu. Binta anataka niwe naye kwenye sherehe, niwe natupa beti za Kiswahili katikati ya zake. Wasichana wameupenda ule wimbo. Wanaucheza kwenye simu zao.

Kwao nanyamaza. Kwako siwezi, kwa sababu wewe umekaa mbele ya waimbaji miaka arobaini na ungenijua hata bila barua. Nilipofika karibu na mlango nilikuwa na nafasi ya kumtazama kama nilivyowatazama wengine. Sekunde moja ingetosha. Niliiona ile sekunde inakuja, nikaona na nini kitatokea nisipomtazama, na nikaliona pia lile gauni. Sikuteleza. Nilijua.

Niandikie uniambie kama kuna kafara ya jambo kama hili. Usinitetee, tafadhali. Nimeshatetewa vya kutosha hapa.

Nisalimie Mjomba Hamisi na mwambie ile suruali nimemtafutia. Msalimie Bibi, mshike mkono kwa niaba yangu, na mdogo wangu Rukia, mwambie aache kuchungulia begani kwako. Mama Chausiku jirani yetu mpe salamu na usimpe zaidi ya hizo. Furaha anasema nikuandikie kwamba anakusalimia wewe mama wa Tanga, na Khadi naye kasema hivyo hivyo.

Kila barua niliyokuwa nikikuandikia, Astu alikuwa akiniambia nimwekee salamu zake, "kwa mama yetu." Nimekaa na kalamu muda mrefu hapa mwisho nikingoja, kwa mazoea.

Mwanao,
Zena